Sauti safi kwenye matangazo mubashara: mwongozo kamili wa maiki, kuanzia chumbani hadi chini ya turubai

Miaka michache iliyopita nilirusha mazishi ya mama mmoja huko Rungwe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa Kanada na hakujaliwa kufika, kwa hiyo ndugu waliniita ili angalau aone. Picha ilitoka vizuri sana: mtandao ulishika, kamera ilitulia, mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri. Sauti niliiachia maiki ya kamera yenyewe, na kamera ilikuwa kama hatua nane kutoka kwa kijana aliyesoma wasifu wa marehemu. Upepo ulikuwa unaipiga migomba, turubai linapepea, watoto wanacheza nyuma yangu. Usiku ule mtoto wa marehemu aliniandikia kwamba ameona kila kitu hadi shada la mwisho, lakini wasifu wa mama yake hakusikia hata sentensi moja. Wasifu husomwa mara moja. Sikuwa na namna ya kumrudishia.

Tangu siku hiyo naanza na sauti, kamera inafuata. Anayetazama kwa simu atavumilia picha yenye ukungu, hata ikiganda atasubiri. Sauti ikikwaruza au ikizama kwenye mwangwi, anatoka. Na nilichojifunza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya sauti hufanyika kabla sauti haijaingia kwenye waya: umbali wa mdomo na maiki, chumba chenyewe, na kiwango unachokipokea. Programu na filta zake zinasafisha kidogo tu mwishoni. Ndiyo maana nimezipanga hatua hizi kwa mfuatano, na nakuomba usiruke kwenda kwenye filta.

Neno moja kuhusu majina. Watu huita "kipaza sauti" kile unachoongelea na pia kile kinachotoa sauti ukumbini. Hapa nitasema maiki kwa kinachopokea na spika kwa kinachotoa, tusichanganyane.

Hatua ya 1: Tambua ugonjwa kabla ya dawa

Rekodi dakika moja ukiongea kama utakavyoongea siku ya tukio, kwa vifaa vilevile na mahali palepale. Usitangaze, rekodi tu. Kisha vaa hedifoni za waya, fumba macho, sikiliza.

Ukisikika kama uko bafuni, maiki iko mbali nawe au chumba ni kitupu. Ukikwaruza kila unapopandisha sauti, umepokea kiwango kikubwa mno. Ukisikia "shhhh" ya kudumu nyuma ya maneno, mara nyingi umepokea kidogo kisha kitu fulani kinaipandisha sauti pamoja na takataka zake. Mvumo mzito wa "uuuum" ni wa umeme. Mipigo ya "pu, pu" kwenye herufi p na b ni pumzi yako inayopiga moja kwa moja kwenye maiki. Maneno yanayomezwa nusunusu yanatokana na Bluetooth, kompyuta iliyolemewa, au filta ya kuondoa kelele iliyokazwa kupita kiasi. Na ukisikika kama uko ndani ya pipa, angalia kama kuna maiki mbili zilizo wazi kwa wakati mmoja, kwa mfano ya kifuani na ile ya kompyuta. Hilo la mwisho hutokea sana, na linatibiwa kwa kuzima moja.

Hakikisha pia programu inatumia maiki uliyochomeka. Gusa kichwa cha maiki kwa ukucha, taratibu, kisha gusa simu au kompyuta. Mguso unaosikika kwa nguvu ndio unaokuambia nani anasikiliza. Nimeona watu wakivaa maiki nzuri kifuani kwa saa mbili huku simu ikipokea kwa maiki yake ya ndani.

Hatua ya 2: Sogeza maiki

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Halikugharimu hata shilingi.

Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti inayotoka mdomoni mwako moja kwa moja hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Lakini mwangwi wa chumba, pangaboi na bodaboda ya nje havishuki, kwa sababu vimejaa chumba kizima. Kutoka sentimita 10 hadi sentimita 80 umezidisha mara mbili kwa awamu tatu (20, 40, 80): sauti yako imepungua desibeli 18 na kelele ziko palepale. Ukipandisha kiwango ili usikike, unazipandisha na zenyewe. Hakuna filta inayorudisha kile ambacho umbali umekila.

Mimi napima kwa mkono, kwa sababu mkono hausahauliki nyumbani:

- Maiki ya mkononi: vidole vinne kutoka mdomoni. Ikizidi sana, ngumi moja.
- Maiki ya mezani ya kondensa (aina inayosikia hata sauti ndogo): shubiri moja.
- Maiki ya klipu ya kubana kwenye nguo: shubiri moja chini ya kidevu, katikati ya kifua, si pembeni kwenye kola.

Ukisogea karibu sana, maiki nyingi zinazopokea upande mmoja huongeza besi. Wengine huipenda kwa sababu inawapa sauti ya redio, lakini ukizidisha maneno hufifia na msikilizaji wa spika ndogo ya simu anapata mvumo. Pumzi nayo inapiga. Dawa yake ni kuiweka maiki pembeni kidogo, kwenye kona ya mdomo, ukiielekeza mdomoni. Pumzi inapita kando, sauti inaingia. Sponji inasaidia, lakini pembe hii inasaidia zaidi.

Maiki ya klipu ina maadui wake: kitambaa kinachosuguana, mkufu, ushungi, beji ya jina. Kwa mwanamke aliyevaa hijabu, nabana maiki juu ya kitambaa, si chini yake, na naacha mkunjo mdogo wa waya nyuma ya klipu ili waya ukivutwa usiburute maiki. Kitenge kilichotiwa wanga kinapiga kelele kuliko unavyodhani. Mwombe mvaaji ageuze shingo kushoto na kulia huku ukisikiliza.

Na anayeshika maiki ya mkononi asifunike kichwa chake kwa kiganja kama waimbaji wanavyofanya kwenye video. Matundu ya pembeni na nyuma ya kile kichwa ndiyo yanayoiwezesha maiki kukataa sauti za nyuma. Ukiyaziba inapokea pande zote, sauti inakuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na ukumbini inaanza kupiga miluzi.

Hatua ya 3: Chumba

Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mfupi unaofuata, huo ndio utakaoambatana na kila neno lako. Sakafu ya vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo na dari ngumu: sauti inagonga na kurudi. Chumba cha kulala chenye godoro, kabati la nguo lililofunguliwa na mapazia mazito ni studio bora kuliko sebule kubwa yenye vigae vinavyong'aa.

Huhitaji kununua sponji za ukutani. Zile nyembamba zinapunguza sauti kali za juu tu, sauti ya kawaida ya mtu inabaki na mwangwi wake. Blanketi zito au godoro lililosimamishwa ukutani linafanya kazi zaidi. Weka vitu hivyo mahali sauti yako inapogonga kwanza, yaani mbele yako, na nyuma yako pia, kwa sababu maiki inakutazama wewe na ukuta ulio nyuma yako. Tandika zulia au mkeka mnene miguuni. Kama unakaa mezani, tandika taulo juu ya meza. Meza tupu inarudisha sauti moja kwa moja kwenye maiki, na kila kalamu inayoanguka inasikika kama mlango.

Kisha kelele. Zima pangaboi. Najua joto la Dar au Mombasa, lakini kama huwezi kuzima, sogea usikae chini yake. Feni ya kusimama iweke nyuma ya maiki, upande usiopokea, na isikupulizie usoni. Friji nayo ina mvumo ambao umeshauzoea hadi huusikii, maiki inausikia. Ukiichomoa, acha funguo za gari au za nyumba juu yake, ili ukimaliza usiondoke bila kuirudisha kwenye umeme. Mvua ikipiga mabati, kubali kwamba huwezi kuizuia: hamia maiki ya dainamiki (aina isiyopokea sana sauti za mbali), sogea hadi vidole viwili, waambie watazamaji kuna mvua, endelea.

Nje, upepo ndio adui. Sponji nyembamba haitoshi. Unahitaji manyoya yale ambayo waandishi wa habari huyavalisha maiki zao. Usipokuwa nayo, mpe mzungumzaji mgongo wa upepo: asimame upepo ukimpiga kisogoni ili mwili wake uikinge maiki. Hata mbele ya turubai na nyuma yake pana tofauti kubwa.

Hatua ya 4: Maiki ipi, na plagi ipi

Hapa watu hutumia fedha nyingi kuliko inavyostahili. Maiki ya kondensa inasikia kila kitu, na kwenye nyumba iliyo kando ya barabara "kila kitu" ni pamoja na jogoo wa jirani. Kwa chumba ambacho hakijatulizwa, nunua ya dainamiki. Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966, bado ndiyo ninayoiamini kwa mtu anayesimama na kuongea. Ila jihadhari na bandia, ziko nyingi. Nunua kwa muuzaji anayekuruhusu kuijaribu. Zipo pia za dainamiki zenye tundu la USB, hizo hazihitaji kifaa kingine kati yake na kompyuta.

Kondensa nyingi za kuchomekwa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) au saundi kadi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) zinahitaji umeme wa volti 48 kupitia waya uleule. Zile za bei rahisi zinazouzwa pamoja na mkono wa chuma na waya wa kuchomeka kwenye simu zinafanya kazi bila volti hizo, lakini kwa unyonge na kwa "shhhh" nyingi. Watu wengi wameikatia tamaa maiki ambayo ilikuwa na njaa tu.

Plagi ndogo za milimita 3.5 zinafanana lakini hazilingani. Hesabu pete nyeusi: zenye pete mbili ni za kamera, zenye pete tatu ni za simu. Ukichomeka ya pete mbili kwenye simu, simu haitaiona na itaendelea na maiki yake ya ndani. Simu zisizo na tundu hilo zinahitaji adapta ya USB-C inayopokea maiki. Kuna adapta zinazotoa sauti ya kusikiliza tu, kwa hiyo ijaribu dukani kabla ya kulipa.

Hedifoni za Bluetooth usizitumie kama maiki. Maiki yake ikifunguka, kifaa hushuka kwenye sauti ya kiwango cha simu ya kupiga, na kila kitu kinakuwa chembamba. Bluetooth pia inachelewesha sauti.

Maiki zisizo na waya zinazobanwa kifuani na kutuma kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 ni nzuri, mimi mwenyewe nazitumia. Zinagawana njia na Wi-Fi, na mwili wa binadamu unazizuia. Kipokeo kiwe kinaonana na kifua cha mzungumzaji. Akigeuka na kukupa mgongo katikati ya watu mia tatu wenye simu mfukoni, utasikia inakatika.

Hatua ya 5: Kiwango

Kwenye sauti ya kidijitali dari ni desibeli 0. Kinachogonga dari kinakatwa kichwa, na huko ndiko kukwaruza kunakotoka. Hakirekebishiki baadaye.

Mwambie mzungumzaji aongee kwa nguvu ile atakayotumia kweli. Akihesabu "moja, mbili, tatu" kwa upole, umepima uongo. Mchungaji anayenong'ona wakati wa majaribio atapaza mara tatu akifika kwenye ujumbe wake. Mimi huwauliza swali la jambo wanalolipenda au wanalolikasirikia, nawaacha waongee nusu dakika, napima hapo. Zungusha kitufe kilichoandikwa GAIN, kinachopandisha sauti inayopokelewa, hadi vilele vya sauti vifike kati ya -12 na -6. Kwenye OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi na kurusha mubashara ambayo wengi wetu tunaitumia, kipimo kina rangi: kijani hadi -20, njano hadi -9, nyekundu juu yake. Maneno ya kawaida yacheze kwenye njano, nyekundu iguswe mara mojamoja tu na isifike mwisho.

Kipandishe kiwango hapo kwenye saundi kadi au mikisa. Ukipokea kidogo mwanzoni kisha ukapandisha kwenye kompyuta, unapandisha na "shhhh". Na kama Windows au simu ina kipengele cha kupandisha maiki chenyewe, kizime. Kipengele hicho hupandisha kelele ya chumba kila unaponyamaza, halafu neno la kwanza linatoka kwa kishindo.

Hatua ya 6: Filta, kwa kiasi

Kwenye OBS bofya kwa kitufe cha kulia jina la maiki kwenye sehemu ya sauti, fungua Filters. Mfuatano una maana, kwa sababu kila filta hupokea kilichotoka kwenye ile iliyo juu yake.

Ya kwanza, kuondoa kelele: Noise Suppression, chaguo la RNNoise. Imefunzwa kutofautisha maneno na kelele, na kwa feni na mvumo wa friji inafanya kazi kubwa. Lakini imefunzwa kwa maneno. Ikisikia kwaya, kinanda, ngoma au kaswida inaviona kama kelele na kuvitafuna. Nimeshaisikia ikimeza kibwagizo kizima cha kwaya ya akina mama. Kama tukio lina kuimba, izime, au iweke kwenye chaneli ya msemaji tu.

Ya pili, ikwalaiza, inayopunguza au kuongeza sauti za chini na za juu. Kama mikisa yako ina kitufe cha kukata sauti za chini, kwa kawaida karibu na hezi 80 au 100, kibonyeze kwa kila maiki ya kuongelea. Vishindo vya miguu, meza na malori vinapungua na sauti ya mtu haipotezi kitu cha maana. Usipokuwa nacho, punguza besi kidogo kwenye ikwalaiza ya OBS. Sishauri kuongeza chochote. Ukihisi sauti ni nzito, punguza chini badala ya kupandisha juu.

Ya tatu, kompresa, inayopunguza tofauti kati ya kunong'ona na kupaza. OBS inakuletea uwiano wa 10:1, ambao kwangu ni mkali mno kwa maongezi. Weka 3:1 au 4:1, kizingiti (kiwango ambapo kompresa inaanza kubana) karibu -18, kisha ongeza kidogo kiwango cha kutoka hadi vilele virudi -6. Ya mwisho, limita, inayozuia sauti isivuke kiwango ulichoweka, kwenye -3. Hiyo ni kamba ya usalama. Kama inafanya kazi muda wote, rudi hatua ya 5.

Geti la kelele, lile linalofunga maiki unaponyamaza, silipendi kwa mazingira yetu. Kelele ya nje inayokuja na kukatika kati ya maneno inachosha sikio kuliko ile inayosikika kidogo muda wote, na geti lililokazwa linakula silabi za mwisho. Kiswahili tunamaliza maneno kwa irabu, na irabu hizo huwa laini. Likizimeza, "amekufa" inabaki "amekuf".

Hatua ya 7: Ukumbini, sauti inapotoka kwenye mikisa ya wengine

Harusi, ibada, kongamano, msiba mkubwa: tayari kuna fundi mitambo, mikisa na spika. Usiweke maiki yako mbele ya spika zake. Nenda mapema, msalimie, mweleze unarusha mubashara, mwombe laini, yaani waya wa sauti kutoka kwenye mikisa yake. Fundi akiombwa kwa heshima saa tatu kabla ya shughuli anakusaidia kwa moyo wote. Ukimjia MC ameshashika maiki, umemvuruga.

Omba utoaji wa AUX (njia ya ziada ya kutoa sauti kwenye mikisa), ulio huru na feda za ukumbi, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. Ukichukua kutoka kwenye utoaji mkuu, kila atakachofanya kwa ajili ya watu wa ukumbini kitakupata: akishusha mshereheshaji kwa sababu spika zinapiga miluzi, watazamaji wako nao wanampoteza. Kwenye AUX unajipangia, ukimpa msemaji nafasi kubwa na muziki mdogo.

Kuna mitego miwili, na yote nimeingia.

Mtego wa kwanza ni nguvu ya laini. Maiki hutoa milivolti chache, mikisa inaweza kutoa zaidi ya volti 1. Ukichomeka laini hiyo kwenye tundu la maiki la simu, itakwaruza hata ukishusha kila kitu. Tumia saundi kadi yenye nafasi ya laini, au kipunguza nguvu cha kuweka katikati ya waya.

Wa pili ni wa siri zaidi. Utoaji mwingi wa mikisa hubeba sauti moja kwa nyaya mbili zilizo kinyume, moja ikisukuma nyingine ikivuta. Ukitumia waya wa kawaida wa stereo kuingiza kwenye tundu la stereo, kushoto kunapata sauti na kulia kunapata ileile ikiwa kinyume. Kwenye hedifoni utasikia kitu cha ajabu kidogo, kama sauti iko nyuma ya kichwa, lakini utaisikia. Kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zinajumlishwa, zinafutana, na kinachobaki ni kimya au mwangwi mwembamba. Nilirusha kongamano zima asubuhi moja nikiwa na hedifoni, nikiridhika, huku nusu ya watu wakiandika "hatusikii" na nusu wakiwajibu "mbona tunasikia". Dawa: tumia waya wa jeki ya mono upande wa mikisa, au DI (kisanduku kidogo kinachowekwa katikati ya nyaya za sauti). Kisha kwenye OBS, ndani ya Advanced Audio Properties, weka alama kwenye Mono ili sauti isibaki sikio moja. Na ujaribu kwa spika ya simu kila mara.

Jambo jingine ambalo mikisa haikuambii: inabeba tu kilichopita kwenye maiki. Vigelegele, "amina" ya waumini, ngoma inayopigwa bila maiki, havimo. Mtazamaji wa mbali anasikia mtu akihubiria chumba kitupu. Weka maiki yako moja ikiwaelekea watu, mbali na spika, na uiingize chini sana, chini ya msemaji kwa desibeli 15 hivi. Isiwe nyuma kabisa ya ukumbi: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye mita 17 inachelewa sekunde 0.05, na ukiichanganya na laini ya mikisa unapata mwangwi.

Hatua ya 8: Umeme

Mvumo wa "uuuum" kwetu ni wa hezi 50, na hutokea zaidi vifaa viwili vilivyounganishwa vinapopata umeme kutoka sehemu tofauti. Jaribio la kwanza: chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukinyamaza, umempata mkosaji. Rusha kwa betri, au chomeka laptopu kwenye soketi moja na mikisa. Usipoweza, tumia DI yenye swichi ya kukata ethi (muunganiko wa ardhini) ya waya wa sauti. Usikate kamwe waya wa ethi wa plagi ya umeme. Huo unalinda maisha ya anayeshika maiki.

Nyaya za sauti zisilale sambamba na za umeme. Zikikutana, zikatane kama msalaba. Simu usiiweke juu ya mikisa wala karibu na waya wa maiki, ule mlio wa "ti-ti-ti" unatoka hapo. Jenereta likiwashwa katikati ya shughuli unaweza kupata mvumo ambao haukuwepo, hivyo omba liwashwe kwa dakika moja wakati wa majaribio.

Hatua ya 9: Bando na midomo

Bando likiwa dogo, wengi hushusha sauti na picha pamoja. Usishushe sauti. Kwa kasi ya data ya kbps 128 sauti inakula takriban MB 58 kwa saa nzima. Picha ya kbps 2,500 inakula zaidi ya GB 1 kwa saa hiyohiyo. Shusha picha hadi 1,000 kama hali ni mbaya, acha sauti kwenye 128. Vifaa vyote viwe kwenye kHz 48, kwenye mpangilio wa "sample rate". Vikitofautiana unaweza kupata mikwaruzo midogo au sauti inayoachana na midomo polepole.

Kuhusu midomo: picha ya kamera hupitia hatua nyingi na kuchelewa, sauti ya waya inafika mapema. Rekodi mtu akipiga makofi mbele ya kamera, tazama kofi linapogongana na linaposikika, kisha chelewesha sauti kwenye Sync Offset, ndani ya Advanced Audio Properties ya OBS. Anza na milisekunde 100, ongeza au punguza kwa 20 hadi vikutane.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Betri mpya kwenye kila maiki isiyo na waya, hata kama za jana zinaonyesha nusu. Maiki moja ya waya iliyochomekwa tayari, imefungwa, kwa ajili ya dharura. Simu ya pili iliyofungua matangazo kama mtazamaji, ukiisikiliza kwa sikio moja, spika yake ikiwa imezimwa isirudi kwenye maiki zako. Itakuwa nyuma kwa sekunde kadhaa, hiyo ni kawaida.

Tafuta mtu mmoja aliye mbali, nyumbani kwake, kwenye simu ya kawaida, ambaye kazi yake ni kukuandikia kuhusu sauti tu. Mimi huwa namwomba mwanafamilia ambaye ana sababu ya kutaka kusikia kila neno. Dakika 20 kabla ya kuanza, mtu aongee kwenye kila maiki, naye anitajie moja baada ya nyingine alizozisikia. Katika msiba, nauliza mapema nani atasoma wasifu na atasimama wapi, namwendea, nambana maiki mwenyewe, namwomba asome mistari miwili.

Kitu kikiharibika hewani, usiguse vitu vitano. Angalia kwanza kipimo. Kinacheza na watu hawasikii? Tatizo liko kati ya kompyuta na wao: Mono, mtandao, au sauti imezimwa kwenye jukwaa. Hakichezi? Tatizo liko kati ya mdomo na kompyuta: betri, waya, swichi ya maiki, laini ya fundi. Ukishajua upande, badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Ikizidi dakika moja, fungua ile maiki ya waya, umpe msemaji, shughuli iendelee. Uchunguzi utaufanya baadaye.

Mkimaliza, kabla ya kukunja nyaya, fungua rekodi katikati, mwanzoni na mwishoni, kwa spika ya simu, ukiwa bado umesimama palepale ukumbini. Andika kwenye daftari umbali uliotumia, namba ya GAIN kwa kila mtu, na soketi iliyovuma. Ukirudi kwenye kanisa au ukumbi huo miezi minne baadaye, ukurasa huo mmoja utakuokolea saa nzima.